Pau Saba za Zamzamu

Ipo Ijumaa moja, mjukuu wangu, ambayo haijanitoka akilini tangu ujana wangu. Andika polepole, wala usiyarembe maneno yangu. Sikuingia darasani hata siku moja, lakini neno langu likibadilishwa nalitambua.

Jana, hapa Koboko, nilikusikia ukimkaripia mwenzako wa briji, mchezo wetu wa karata, yule binti mnayejiandaa naye kwa mashindano ya Arua. Ulimpa njia mbili achague, naye akachagua nyingine, ukamfokea mbele ya watu. Nilinyamaza kwa kuwa palikuwa na wageni. Leo hawapo.

Baba yangu alikuwa sajini. Mchezo huu aliupata kambini, akauleta kijijini kwetu Ludara pamoja na redio yake. Yasini, kijana mwuza vitambaa wa Arua, alipoleta posa, baba hakuruhusu tukae wawili, ila aliruhusu tukae wanne. Kila Ijumaa baada ya sala, baba na dada yake, Shangazi Zainabu, walikuwa upande mmoja, mimi na Yasini upande wa pili. Yote tuliyotaka kuambiana tuliambiana hapo mezani, wazee wakisikia.

Ijumaa ile Yasini alikuja na swali. Tukioana, nyumba yetu iwe Arua mjini au Pajulu, nje kidogo ya mji?

"Chagua wewe, Zamzamu," alisema huku akichanganya karata. "Mahali utasema, mimi iko tayari."

Msichana mwingine angefurahi. Mimi nilijifanya napanga karata zangu. Mama yangu alikuwa amepoteza macho, nami nilikuwa binti yake wa pekee. Nilitaka kubaki Ludara, karibu naye, lakini niliogopa kusema, nisije nikavunja posa kwa kinywa changu.

Baba akafungua: "Moja, bila turufu." Maana yake, mkono wake ulikuwa na nguvu, na hakutaka aina yoyote ya karata iwe juu ya nyingine. Yasini akafuata: "Pau mbili."

Shangazi akanigeukia. "Binti, hizo pau zake zina maana gani?"

Mwanangu, hiyo ni haki ya mpinzani. Ishara mliyokubaliana wawili si siri, akiuliza, aambiwe. Nikamweleza: "Hazungumzii pau, Shangazi. Ana kopa nyingi na shupaza nyingi. Ananiomba nichague moja kati ya hizo mbili."

"Tajiri huyu!" Shangazi akasema. "Kila kitu analeta viwili viwili. Haya, mimi napita. Tuone bibi harusi atachukua nini."

Nikatazama mkono wangu. Kopa ilikuwa moja tu. Shupaza haikuwapo kabisa. Lakini pau zilikuwa saba.

"Napita," nikasema, maana yake pau zake mbili zibaki. Baba naye akapita. Ikawa pau ndiyo turufu, na Yasini ndiye wa kuicheza.

Yasini akapiga meza kwa kiganja, chai ikamwagika. "Zamzamu! Wewe umelala? Nimekupa mbili, uchague moja. Hii pau nani ameomba?"

"Nisamehe," nikasema.

Shangazi alikuwa na karata ya kwanza mkononi. Akaizuia. "Unaomba msamaha wa nini? Umekosea?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi usiombe. Na wewe, bwana wa vitambaa, hujaona karata zake, tayari umemhukumu. Ulimwuliza ili akujibu, au ili aitikie?"

Shangazi akacheza uru, nami nikalaza karata zangu zote wazi mezani, kama inavyompasa mwenza wa mchezaji. Yasini akaziangalia, uso wake ukabadilika. Baba akacheka. "Nimeona mikono mingi kambini, lakini shamba la pau kama hili, bado."

Hapo, mwanangu, ndipo nilipomchunguza yule kijana kwa mara ya kwanza. Angeweza kucheza ovyo ili ionekane kwamba nimekosa. Wako wanaume wa namna hiyo, na wanawake pia. Yeye alizichukua pau zangu akazicheza kwa uangalifu, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeziomba, mpaka akashinda mizunguko minane tuliyoahidi, maana anayetaja mbili huahidi sita na mbili.

"Samahani, Zamzamu," alisema alipomaliza. "Shupaza zangu zingekufa njaa kwako."

Ndipo nikapata ujasiri. "Yasini, sitaki Arua, wala sitaki Pajulu. Nataka Ludara, kwenye kiwanja cha mama, kwa ajili yake."

Baba akageukia birika, akalitazama kama kitu kigeni.

"Ludara hakuna soko la vitambaa," Yasini akasema.

"Najua."

"Tangu lini hutaki hizo mbili?"

"Tangu uliponiuliza."

"Na ulinyamaza?"

"Ulisema nichague."

Alikusanya karata zote, akazipanga, kisha akasema, "Nitakuja nione hicho kiwanja. Mama atanionyesha mpaka."

"Mama haoni," nikamkumbusha.

"Miguu yake inaujua," akasema Shangazi.

Yasini alikuja kweli. Mama alimtangulia kwa fimbo, akigusa miti ya mpaka mmoja baada ya mwingine, naye akamfuata nyuma bila kumharakisha. Jioni ile nilimwambia baba kwamba nimekubali posa. Huyo ndiye babu yako, na nyumba ulimozaliwa iko juu ya kiwanja hicho.

Sasa sikia. Ukitaja pau mbili, umesema ulicho nacho wewe. Alicho nacho mwenzako hukijui. Umemwomba aamue, na kupita pia ni kuamua. Akiwa amekosea, karata zitasema zenyewe, huna haja ya kupiga kelele. Akiwa amepatia, cheza aina yake kwa nguvu zako zote, hata kama si uliyoitamani. Nawe siku utakapoulizwa, usiombe radhi kwa mkono uliogawiwa. Uweke wazi. Usikae na jibu lako kifuani, kama nilivyotaka kukaa nalo mimi.

Weka kalamu chini, uende kwa binti yule kabla hujala.

Mungu akujalie mwenza asemaye kweli, akujalie na masikio ya kumngojea. Mkono wako uwe mwepesi kutoa na mzito kupiga meza, na nyumbani mwako asipatikane hata mmoja anayeogopa kukujibu. Amina.