Kaburi la Nyamhanga

Hata leo nikisikia jiwe likigongwa juu ya jiwe, iwe ni fundi anajenga msingi au ni watoto wanacheza tu, mikono yangu hukumbuka uzito. Huo ndio mlio wa kijiji chetu cha Nyangoto miaka ile ya rashi, dhahabu ilipoanza kuonekana na kila mwenye nyundo akawa tajiri wa kesho. Akina mama walishinda wakiponda mawe, vumbi limewajaa hadi kwenye kope, na ugali wa nyumba nyingi ulikuwa na mchanga kidogo. Tulizoea. Lakini mimi mlio ule hunirudisha kwenye mawe mengine, niliyoyabeba mwenyewe nikiwa na miaka kumi na mmoja, kumjengea mtu kaburi.

Shamba letu lilikuwa chini ya kilima, la ulezi na mihogo, na halikuwa na maneno na mtu. Kisha wachimbaji wakachimba shimo, wenyewe huliita duara, hatua chache kutoka mpakani, wakatoka na jiwe lenye dhahabu. Wiki haikuisha, jirani yetu Mzee Kichere, ambaye tulikuwa tukiazimana naye majembe na chumvi, akasema shamba lile si letu. Hoja yake ilikuwa fupi. Marwa, mzee wetu aliyefyeka pori lile zamani za mababu, alikufa bila mtoto. Ukoo wake uliishia hapo, basi sisi ni watu wa kuja. Baraza la kijiji likapanga siku: tutaje wazee wetu mmoja baada ya mwingine hadi kwa Marwa, na tuonyeshe kaburi la kila mmoja. Tukishindwa, tuhame.

Aliyekuwa na majina yale kichwani ni Bibi, mama yake baba. Wanawe wote walikuwa wakiyachanganya, na siwalaumu. Sisi Wakurya si wabahili wa chakula wala wa mifugo, ila kwa majina tunabana matumizi: Chacha amzae Mwita, Mwita amzae Chacha, na ukiita jina moja sokoni wanageuka wanaume kumi. Kwa hiyo Bibi akanifundisha mimi, mjukuu wake wa kike, tukipepeta ulezi, na nikikosea ananigonga na ungo kichwani, taratibu. Baba yangu Chacha, wa Mwita, wa Chacha, wa Nyamhanga, wa Marwa aliyefyeka pori.

Kila mmoja alikuwa na habari yake. Chacha wa zamani alichechemea tangu utoto na hakupenda kuulizwa kwa nini. Marwa aliuawa na Wamaasai waliokuja kuchukua ng'ombe. Nyamhanga peke yake hakuwa na lolote. Nikimuuliza, Bibi alisema, "Huyo mtaje tu, upite." Basi nikamtengenezea habari mimi mwenyewe. Nikampa urefu, mkuki na fahali mweupe, na kusema kweli nilimpenda kuliko wazee wote wa ukoo wetu.

Siku mbili kabla ya baraza, baba mkubwa aliniita nyuma ya uzio wa katani. Alilala chali kwenye nyasi, akaniambia niweke jiwe kichwani pake na jingine miguuni. Nilicheka, yeye hakucheka. Akainuka, akasema kaburi la Nyamhanga lilikuwa limezama ardhini, sasa tunalirudishia mawe yake. Tulibeba mawe asubuhi nzima. Yeye alitaka yale ya zamani, yenye ukoga, mimi nilitaka mazuri. Nilifurahi sana siku ile. Mtu wangu alikuwa amepata mahali.

Siku ya baraza nilisimama mbele ya wazee nikataja majina yote bila kukwama. Karani kijana, mtu wa Kagera, aliandika. Kisha tukaenda makaburini. La Mwita lilikubalika, na la Chacha. Tukafika kwa Nyamhanga. Mzee Kichere aliinama, akanyanyua jiwe moja, na chini yake nyasi zilikuwa bado za kijani.

"Mzee wa zamani namna hii," akasema, "na nyasi zake hazijakauka."

Watu walicheka. Baba mkubwa alitazama miguu yake. Lile lilikuwa jiwe nililolichagua mwenyewe, na nilijua kwamba shamba limeondoka. Baba mkubwa akaanza kujieleza, kwamba ng'ombe walipita, kwamba mvua ilikuwa kubwa.

"Mura, nyamaza," Bibi akamwambia, kama kwamba bado ni kijana mdogo. Akapita mbele na fimbo yake. "Wazee, Nyamhanga hana kaburi. Hakuzaliwa."

Karani aliinua kalamu. "Sasa Bibi, niandike alifariki lini?"

"Atakufaje, na hakuzaliwa?"

Safari hii wazee wetu hawakucheka. Walikuwa wameelewa. Bibi akawaeleza kwamba Marwa alipouawa alimwacha mjane, Matinde, asiye na mtoto wa kiume, na nyumba ilikuwa inazimika. Matinde akafanya walivyofanya wanawake wengi wa kwetu. Alijipa mtoto kwa jina, Nyamhanga, kisha akamwolea mke mtoto huyo asiyekuwepo. Wenyewe tunaita nyumba ntobhu. Mke akazaa Chacha, na Chacha akawa mjukuu halali wa Marwa. Nani alimpa ujauzito, kwa desturi haiulizwi.

Mzee Ryoba, mkubwa wa baraza, aliuliza jambo moja tu. "Mahari ilitoka?"

"Ilitoka. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kwa sotoka. Matinde alitoa vikapu kumi vya ulezi na mbuzi wawili. Binti alikuwa mdogo kama huyu," akanishika bega. "Na ulezi ule uliwaponya njaa babu zake Kichere, maana binti alitoka kwao. Kichere mwenyewe yupo hapa, akatae."

Mzee Kichere aliliweka jiwe chini. Hakukataa. Kwao pia watoto walikuwa wakisimuliwa habari ya ulezi ule. Baraza likasema shamba ni la nyumba ya Matinde, na njiani kurudi baba mkubwa alilia kama mtoto. Aliogopa, alisema, kwamba karani, mgeni wa mila zetu, angetucheka. Mimi nilitembea kifua mbele, kwa kuwa Bibi alikuwa amenishika bega mbele ya wazee wote.

Miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wetu. Kisha binti yangu mwenyewe akafikisha miaka kumi na mmoja. Asubuhi moja nikamwona anahangaika na ndoo ya maji iliyomzidi, nikakumbuka mkono wa Bibi begani kwangu. Mdogo kama huyu. Nikaipokea ile ndoo.

Safari iliyofuata nyumbani nilikwenda kwa akina Kichere. Mzee alikuwa amefariki, lakini dada yake alikuwepo, amezeeka, macho hayaoni ila kichwa kizima. Nikampa shikamoo, nikamuuliza habari za mahari ile. Alikumbuka kila kitu alichosimuliwa. Vikapu vilikuwa kumi, kimoja kikapasuka njiani na watu wakarudi kuokota punje. Mbuzi mmoja alikuwa na pembe iliyovunjika. Nikamuuliza jina la binti.

"Si Mama Chacha?"

"Hapana, Shangazi. Kabla Chacha hajazaliwa. Kwenu hapa mlimwitaje?"

Midomo yake ilicheza, kisha akatikisa kichwa. Bibi naye hakuwa amelijua. Mama mkwe wake hakumwambia.

Sasa nawafundisha wanangu majina yale kama nilivyofundishwa, bila ungo. Nikifika kati ya Nyamhanga na Chacha, mahali pa binti yule, hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Watoto hudhani nimesahau.