Tetemeko na Uzi wa Mama Mkwe

Kazini walimwita Tetemeko, na jina hilo hakulipata kwa kuonewa. Mwaka jana, kwenye jaribio la shabaha la walinzi wa benki, alipiga risasi tano. Nne zilikwenda zinakojua zenyewe. Ya tano iliingia katikati kabisa, ila kwenye shabaha ya mwenzake wa kushoto. Mwenzake alimshukuru sana. Yeye akapewa onyo: mwakani akipata chini ya alama thelathini na tano kati ya hamsini, bastola ataikabidhi, apewe filimbi akaongoze magari kwenye maegesho.

Mengi angevumilia, lakini si filimbi. Baba mzima, na kitambi chake, apulize filimbi mbele ya wateja wanaomjua?

Mkufunzi akampa karatasi ya mazoezi. Shika kitu kizito, nyoosha mikono, usitikisike. Vuta pumzi, toa nusu, izuie. Piga mswaki umesimama mguu mmoja. Kwa kuwa bastola hairuhusiwi kwenda nyumbani, Tetemeko alichukua pasi. Siku ya kwanza mkewe alimkuta sebuleni, pasi inakwenda juu chini, kushoto kulia.

"Baba watoto, hiyo pasi inatafuta mtandao?"

Wakati huo mama mkwe alikuwa kwao, amekuja kutibiwa magoti, na kutwa nzima anafuma masweta. Alipoona mikono miwili imenyooshwa bure, roho ilimuuma. Akaiondoa pasi, akaizungushia mikono fungu la uzi wa sufu.

"Tulia hivyo hivyo, mwanangu, niukunje uwe donge."

Pasi unaweza kuidanganya, ukaitua kidogo ukajifanya unajikuna. Mama mkwe je? Nani atamwambia kwamba amechoka? Mkono ulipocheza tu, macho yalipanda juu ya miwani.

"Una homa?"

"Sina, mama."

"Basi tulia."

Donge moja dakika sita, na rangi zilikuwa nne. Baada ya miezi miwili, nzi aliweza kutua puani kwa Tetemeko, akatembea mpaka sikioni, akachoka mwenyewe akaondoka.

Siku ya jaribio ikafika. Risasi tano, dakika mbili. Tetemeko aliinua bastola, ikakaa kana kwamba imepigiliwa ukutani. Wenzake waliokuja kucheka wakanyamaza. Wakangoja. Wakangoja tena.

"Wewe!" mkufunzi alifoka. "Unangoja nini?"

Ukweli ni kwamba miezi yote ile alijifunza kutulia, kufyatua hakujaribu hata siku moja. Mikono ilizoea kukaa tu mpaka uzi uishe.

"Imebaki dakika moja!"

Bastola ilikaa palepale.

"Sekunde thelathini!"

Ndipo kidole kikakumbuka kazi yake. Pa! Akatulia. Pa! Akatulia. Ya tatu. Ya nne. Filimbi ikalia, ya tano ikabaki ndani.

Mkufunzi alikwenda kuhesabu, akarudia, akafuta miwani, akarudia tena. Tisa, tisa, nane, kumi.

"Thelathini na sita," alisema, kama mtu aliyeibiwa. "Umefaulu, na risasi moja umetusazia."

Tetemeko aliingia nyumbani bado na kofia kichwani.

"Mama, nimefaulu! Kwa risasi nne tu!"

"Walikupa ngapi?"

"Tano."

"Na hiyo moja?"

"Muda uliisha, mama."

"Muda," alisema mama mkwe, akachomoa fungu la uzi wa kijani kwenye mfuko.

Tetemeko alinyoosha mikono kabla hajaambiwa.