Jiwe Lililopachikwa Kichwa Chini

Nilipokuwa mtoto, foleni ya sukari mjini Same ilipita kando ya ukuta wa kanisa kongwe, na kila ilipofika kwenye jiwe moja ilikatika. Watu wa milimani waliacha nafasi ya kutosha watu wawili, kisha foleni ikaendelea upande wa pili. Jiwe lilikuwa na maandishi. Mafundi waliojenga kanisa hawakujua kusoma, wakalipachika kichwa chini. Mwinjilisti wa wakati huo alipogundua, ukuta ulikuwa umekwisha kukauka.

Bibi yangu, ambaye naye hakujua kusoma, alikuwa na maelezo yake.

"Maandishi yamewageukia walio chini ya udongo," alisema. "Ukisimama pale, wanakusoma wewe. Sauti yako wanaichukua."

Mwaka huo mama alikuwa amejifungua na maziwa hayakutoka. Alihitaji uji, na uji ulitaka sukari. Nilitumwa mimi, kwa kuwa nilichunga mbuzi wakati wenzangu wakiwa shuleni.

Nilipoifikia nafasi ile nilisita. Nyuma yangu alikuwa kibarua wa mashamba ya mkonge, mtu wa kuja.

"Wapare bwana! Mnaogopa jiwe? Mimi naogopa gunia kuisha. Unasogea, au nisogee mimi?"

"Shikamoo," nilijibu.

"Marahaba. Haya, sogea."

Nilisogea, mgongo ukagusa jiwe. Nilipata kilo moja; kibarua akapata nusu, na gunia likaisha.

Jioni homa ilinishika, na kesho yake sauti haikutoka. Zahanati walinipa vidonge. Bibi hakunikaripia. Alipika uji, akachota wa kwanza, akaenda nao mchana kweupe hadi kanisani na kuumwaga chini ya jiwe.

"Bibi, huo si uji wa mzazi?" mwinjilisti alishangaa.

"Mume wangu wameshamwonja," alijibu, kwani ndivyo alivyoniita. "Sasa waonje sukari, wamrudishe."

Siku ya tatu nilizungumza. Vidonge au uji, sijui hadi leo. Ninachojua ni kwamba uji uliobaki ulimtosha mama, maziwa yakaja, na mdogo wangu yu hai.

Biashara ilipofunguliwa, sukari ilijaa madukani, foleni ikafa pamoja na nafasi yake. Nilijifunza kusoma nikiwa na watoto wakubwa, na jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kwenda kwenye jiwe lile. Niliinamisha kichwa hadi shingo ikauma. Lilikuwa neno moja tu: KARIBU.

Bibi alikuwa amekwisha kufariki. Nasikia kabisa ambavyo angenijibu: "Kichwa chini hivyo, linamkaribisha nani?"

Majuzi mafundi wa ukarabati walitaka kuligeuza. Wazee tuliulizwa, nami nikasema liachwe. Nikipita hapo huitikia kimoyomoyo, "Asante." Kusema "Nimekaribia", kwa umri huu, bado sijathubutu.