Mumbi Mmoja Kati ya Saba

Nikiwa na miaka tisa hivi, kule kijijini kwetu Kansay, niliamini kwamba mumbi huzungumza. Ni ndege weusi wakubwa wenye koo jekundu, wakitembea shambani taratibu kama wazee waendao kanisani. Walipounguruma alfajiri, bibi mzaa baba alitufasiria: jike anasema, "Narudi kwetu," na dume anajibu, "Nenda, nenda." Siku atakapokwenda kweli, alisema, wengine watabaki kama nyumba isiyo na mama.

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mvua ilichelewa, ng'ombe wakadhoofu hadi ikawa kila asubuhi tunawainua kwa mikono. Baba mdogo alisikia kwa majirani kwamba mumbi akilazwa kijitoni na jiwe shingoni, mbingu humlilia. Akaniuliza wanakaa wapi. Mimi nilichunga ndama upande ule, nikalijua tundu la mti mkubwa walikopeleka chakula. Ndama niliyempenda alikuwa hasimami tena. Nikamwonyesha.

Akamtoa aliyekuwa ndani, akampeleka kijitoni.

Bibi aliposikia alikaa chini kama mfiwa. Baba mdogo akamtania, "Mama, kwani hawa wamekuwa wakwe zako? Wako saba, nimechukua mmoja."

"Mvua utapata," bibi akasema. "Watoto wao hutawaona."

Siku ya nne ikanyesha. Ndama wangu akapona, tukacheza matopeni.

Wale sita waliendelea kupita shambani, na kwa muda mrefu nilidhani bibi amekosea. Kisha wakawa watano. Nilipomaliza shule walikuwa watatu, na sikuwahi kuona kifaranga akiwafuata. Wakati huo mti ule ulishapasuliwa mbao, na mashamba yetu yalikuwa yamepanda hadi ukingoni mwa msitu.

Baadaye sana nilisoma kwamba katika kundi la mumbi hutaga jike mmoja tu, yule anayekaa tunduni akiletewa chakula. Wengine ni walezi, na kukuza kifaranga mmoja huwachukua miaka. Sisi tuliwahesabu kama ng'ombe, tukidhani kila jike ana ndama wake.

Simlaumu baba mdogo. Alikuwa na watoto wa kulisha, na mvua ilinyesha kweli. Lakini wanangu wakiniuliza mumbi ni ndege gani, huwaeleza rangi, ukubwa na mwendo tu. Wakiendelea kuuliza walikwenda wapi, itanibidi nianze na mkono wangu ukionyesha mti.