Nilivyopima Intaneti Hadi Simu Zikakatika

Nakiri bila kujitetea: aliyeharibu simu za ofisi yetu iliyo Kikuubo, mtaa wa maduka, ni mimi. Mitandao nilijifunza peke yangu, kwa hiyo naogopa sana kukosea. Nilipopewa kazi ya kuandaa mtandao ili tupige simu kwa intaneti, niliweka kwenye kompyuta yangu programu ya kupima kasi ya intaneti kila dakika. Sauti za simu zikaanza kukatikakatika. Nikabadilisha nyaya, nikaongeza vipimo. Bosi akasema zikikatika tena Ijumaa, ataleta fundi mwingine.

Ijumaa zikakatika. Mama Furaha, Mkongomani anayepokea wageni wetu, akaja mezani kwangu na bosi nyuma yake. Hajasomea kompyuta, lakini sijaona mtu anayesikiliza kama yeye.

“Mwanangu, nimechunguza siku tatu. Ukienda kula, simu zinaongea vizuri. Ukirudi, zinakufa.”

“Mama, nikienda kula nafunga kompyuta tu.”

“Basi ifunge.”

Nikaifunga. Bosi akapiga simu Mombasa, sauti ikaja safi kabisa. Akanigeukia, akaniita bwana kwa Kiganda.

“Ssebo, ulikuwa unapima nini?”

“Kama intaneti inatosha,” nikajibu, na hapo hapo nikaelewa nani alikuwa anaimaliza.