Nilichagua Sociology kwa mtihani wa kupanda cheo kwa sababu "ni story za watu tu"

Wakuu, niaje. Hii kitu nimekaa nayo muda mrefu, leo wacha niitoe. Yote yalinipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na mahali nimepunguza ni juu ya aibu.

Nilikuwa karani kwa ofisi moja ya serikali kule Nakuru. Wakati huo nilikuwa nakaa Rhonda. Mke wangu Nyokabi anapakia maua kwa shamba moja Naivasha, na alikuwa na chumba kimoja Karagita, yeye na msichana wetu.

Tulikuwa tunaonana wikendi tu, kama wanafunzi wa boarding siku ya visiting.

Njia ya kumaliza hayo maisha ilikuwa moja: nipande cheo. Mtu wa cheo anaweza kuomba kuhamishiwa mahali. Karani anahamishwa tu vile wanahamisha kabati.

Na ndio upande cheo, lazima ufanye mtihani. Kuna paper za lazima, zile za taratibu za kazi: likizo, nidhamu, faili, barua. Halafu kuna moja ya kuchagua, optional. Economics, Law ama Sociology.

Wakuu, hapo ndipo ofisi yote iligeuka kuwa wataalamu wa elimu. Na wale hawajawahi kukaribia huo mtihani ndio walikuwa na ushauri mrefu zaidi.

Kirui, tunakaa naye meza moja, alichukua Law. Akanunua kitabu kinene kama tofali, akaanza kutembea nacho hadi choo. Akichelewa kazi hasemi tena amechelewa. Anasema kuna "mitigating circumstances".

Mimi nikaambiwa nichukue Sociology. "Boss, hiyo ni common sense. Ni story za watu. Si wewe umekulia kwa plot?"

Nikafikiria, ni kweli. Kama kugombania bomba ya maji na majirani ni Sociology, basi mimi ni profesa.

Nikajiunga na tuition. Kulikuwa na jamaa tunamwita Prof, alikuwa anafundishia kwa chumba juu ya posho mill kule Kaptembwo. Sijui alisomea wapi na sikuuliza. Alikuwa na tai. Mashine ikianza kusaga, society yote inanyamaza hadi mahindi ya mtu yaishe.

Lakini Prof alikuwa moto. Ndani ya wiki chache nikaanza kuona jamii kila mahali. Nilikuwa siwezi kununua sukuma bila kufikiria "structure".

Nyokabi akanipigia jioni moja kuniuliza kama nimekula. Nikamwambia chakula ni social construct.

Akaniuliza, "Kwa hivyo ukikuja Jumamosi nisipike?"

Nikamwambia apike.

Sasa, Prof akatuambia wenye kusahihisha wanapenda mifano halisi. "Enda mahali, kaa na watu, waangalie bila kuwasumbua. Hiyo inaitwa participant observation."

Hapo ndipo mambo yaliharibika.

Jumamosi moja, badala ya kushuka Naivasha kwa bibi yangu Nyokabi, nikapitiliza mpaka Mai Mahiu, pale malori yanasimama. Nikakaa kwa kibanda cha mama mmoja, Mama Shiru, nikaitisha chai. Nilikuwa na viatu vya ofisi na shati nimechomekea. Nikatoa simu, nikaanza kuangalia watu na kuchapa.

Mama Shiru akaniuliza, "Boss, unangoja mtu?"

"Hapana mathe. Naangalia tu."

Wakuu, usiwahi kumjibu hivyo mtu wa biashara ya barabarani.

Baada ya muda mfupi yule wa mahindi choma akabeba jiko yake na moto ikiwa ndani, akapotelea nyuma ya lori. Wa mutura akafunika nyama na kreti. Vibanda vikaanza kufungwa kimoja kimoja.

Mimi nikachapa: "Biashara hapa hupungua mchana."

Kisha nikaletewa chapati na nyama sikuwa nimeitisha. Nikauliza ni za nani, nikaambiwa kula tu boss. Nikachapa: "Jamii hii ina ukarimu mkubwa sana."

Nilikuwa kwa ile chapati ya pili wakati Mama Shiru alikuja kukaa mbele yangu. "Wewe ni askari wa kanjo ama ni wa tax? Sema tu tujue vile tutaongea."

"Mathe, mimi ni participant."

Dereva mmoja wa shati ya blue akasikia. "Participant wa nini? Si ni juzi mtu aliibiwa mzigo hapa? Na kulikuwa na mtu alikuwa amekaa hivi hivi, anaangalia!"

Hapo watu wakajaa. Wale walikuwa wamefunga wakarudi, saa hii bila woga. Nyinyi mnajua mtu akiitwa mwizi mbele ya umati inaishaga aje.

Mtu akanipokonya simu, akaanza kusomea watu. "'Mwenye kibanda ana ushawishi kuliko wanaume wote wa hapa.'"

Mama Shiru akatikisa kichwa. "Hiyo ni ukweli. Endelea."

"'Dereva wa shati ya blue anashikana mikono na wanawake wote, isipokuwa yule wa matunda.'"

Kumbe yule wa matunda ndiye bibi yake. Alikuwa amesimama hapo hapo. Akauliza, "Wanawake wote gani?"

Hiyo ndio iliniokoa. Wakati umati umegeukia hiyo kesi ya shati ya blue, Mama Shiru akachukua simu yangu, akanishika mkono, akanipeleka yeye mwenyewe kwa chifu, haraka haraka.

Chifu alikuwa mzee mpole. Akaangalia kitambulisho cha kazi, akaniangalia mimi. "Uko na kibali cha utafiti?"

"Sikujua kinatakikana, mzee."

"Na wewe ni wa serikali?"

"Ndio, mzee."

"Serikali gani?"

Akasema haniachilii mpaka mtu anayenijua aje. Nyokabi akapigiwa simu, akaacha kufua, akaja kutoka Karagita na povu kwa nguo zake. Chifu akamuuliza kama ananifahamu.

"Ni wangu," akasema. "Ako na mtihani."

Alisema hivyo vile mtu husema mgonjwa wake ako na malaria. Chifu akaitikia kwa huruma, akanirudishia simu.

Basi mtihani ukafika. Paper ya Sociology ikauliza shida za kutafiti watu kwa kuwaangalia. Wakuu, niliandika kama mtu anafukuzwa! Nikaongeza karatasi mara mbili.

Kesho yake ikawa paper ya lazima. Eleza hatua za kuomba likizo ya dharura.

Ofisini kwetu huwa tunampigia tu mkubwa simu. Miaka yote hiyo sikuwahi kusoma taratibu zinasema nini, na Prof alikuwa amenimaliza akili. Nikaandika insha kuhusu mamlaka kati ya mkubwa na mdogo wake. Nilimaliza nikiwa nimejipenda.

Matokeo yakatoka. Sociology, niliongoza kituo chote.

Paper ya lazima, nimeanguka. Na ukianguka ya lazima unarudia zote, pamoja na ile umeongoza.

Kirui alianguka Law lakini akapita za lazima, kwa hivyo anarudia hiyo moja tu. Akasema ni "partial victory".

Nikampigia Nyokabi. "Nimekuwa namba moja kwa Sociology."

"Na cheo?"

Nikamweleza lile swali la likizo.

"Kwa hivyo unaelewa binadamu wote wa dunia," akasema, "lakini hujui off inaombwa aje?"

Hakunitukana. Alikata simu polepole, na hiyo ndio iliniuma. Mtoto alikuwa anataka kujua nahamia kwao lini.

Msimu uliofuata sikurudi kwa Prof. Kila jioni Nyokabi alikuwa ananipigia akitoka shift, ananiuliza zile taratibu moja moja. Nikikosea anasema "rudia", sauti ya headmistress kabisa. Sociology niliipita kwa kuchechemea. Za lazima nilizipita vizuri.

Kuna mtu ananiuliza inbox kama nilipata. Nilipata. Nikaomba Gilgil, karibu na Naivasha, nikapewa. Sasa tuko nyumba moja, watatu. Nyokabi anaenda kazi Naivasha na kurudi, mimi ndio napika. Wiki ya kwanza tuligombana vile taulo inaanikwa, nikafungua mdomo nieleze ni kwa nini familia hugombana. Aliniangalia tu. Nikaenda kuanika taulo.

Funzo ni hili, wakuu. Optional inaitwa optional. Usiipende hadi usahau ile ya lazima. Na ukiambiwa somo ni rahisi, uliza anayekuambia alipata ngapi.

Wale mlichukua Economics, hebu semeni, nyinyi ni nani aliwadanganya?