Mkanda wa Jeshi na Kikombe cha Dirishani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo mbavu zangu za kushoto huwaka. Nilishuka kwenye basi hapa Kilosa nikitokea Mikumi, tenga tupu la vitunguu kichwani, na kila gauni liliponigusa ubavu nilijikaza nisilie mbele za watu. Nilipofika nyumbani nikaingia chumbani, nikavua. Malengelenge madogo yalikuwa yamejipanga kuanzia chini ya titi mpaka mgongoni, yamesongamana, mekundu, utadhani nimefungwa mshipi. Mume wangu Shabani alisukuma mlango kabla sijajifunika. Aliangalia, akarudi nyuma, akaufunga mlango taratibu.

Nakusimulia haya kwa sababu ya ulichoniambia juzi. Mchumba wako ametokwa na mkanda wa jeshi, shangazi zako wamekwisha kukutafsiria maana yake, na wewe unataka kurudisha posa kabla hujamuuliza kijana wa watu neno moja. Sikukujibu siku ile. Mimi ni mtu wa kushuku, unanijua; nilitaka kwanza nitambue kama umekuja kuomba ushauri au umekuja kutafuta mtu wa kukuunga mkono. Mpaka sasa sijatambua. Basi sikiliza, halafu uamue mwenyewe.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa, serikali imefungulia watu biashara. Mitumba ilijaa gulioni, maduka ya watu binafsi yakachipua, na kila mwenye kabati na chupa mbili tatu akafungua duka la dawa. Shamba la mkonge alilofanyia kazi Shabani lilipata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya akapunguza watu. Shabani akarudi nyumbani na sanduku lake la bati. Mimi nimezaliwa Malolo kwenye vitunguu, kwa hiyo nikawa nachukua magunia kwa kaka zangu, nashuka nayo Mikumi, nauza kando ya barabara kuu kwa abiria wa mabasi na madereva wa malori. Nililala hukohuko siku kadhaa, katika chumba tulichopanga wanawake wauza vitunguu, juu ya magunia, nikila mlo mmoja ili kitu kifike nyumbani. Malaria ilinipiga, ikapoa, ikanipiga tena. Nilikuwa nameza vidonge vya dukani na kurudi barabarani.

Sasa mke wa mtu analala Mikumi, anawauzia madereva, kisha anarudi na mkanda wa jeshi. Wewe ungewaza nini? Na wao waliwaza hivyohivyo. UKIMWI ulikuwa umeshaingia, lakini watu hawakuutaja kwa jina. Walisema fulani amekanyaga waya, wakabadilisha mazungumzo. Jirani yetu mmoja alikuja kunijulia hali, akakaa anazungumzia bei ya mchele wa Tindiga huku macho yake yakitafuta ubavu wangu ndani ya khanga. Alipotoka nilimsikia uani akimwambia mwenzake, "Dalili ya mvua ni mawingu."

Shabani naye alihamishia mkeka wake sebuleni, akasema chumbani kuna joto. Kisha asubuhi moja nikakuta kikombe changu cha bati kimetolewa kwenye sinia la vikombe vya nyumba, kimefunikwa peke yake juu ya ukingo wa dirisha. Kikombe kikakaa pale, nami nikawa nikitaka kunywa naenda dirishani. Mwanangu, nimezika wazazi, nimezika na mtoto, lakini kikombe kile kiliniuma kwa namna yake.

Usidhani mimi nilikuwa mwema kuliko yeye. Nilimshuku vilevile. Mwanamume hana kazi, anashinda mjini, sigara anapata wapi? Na shati lake siku hizi kwa nini anafua mwenyewe? Nililalia ubavu mzima nikiwapitia wanawake wa mtaa mmoja mmoja, nani ana macho gani, nani huchelewa kisimani. Asubuhi tulisalimiana vizuri kabisa, mgeni angedhani tumeoana jana.

Juu ya hayo kulikuwa na ile imani ambayo najua hata wewe umeisikia, kwamba mkanda ukiuzunguka mwili na ncha zake zikikutana, mgonjwa hana maisha. Kwa hiyo nyumba nzima, na nusu ya mtaa, ilikuwa inasubiri ncha zangu zikutane. Hata mimi nilijitazama kila nikioga.

Hapo ndipo alipoingia mama mkwe wangu, Bi Mwanne, Mungu amrehemu. Alikuwa mwanamke mfupi asiyeamini mzani wa duka lolote. Akinunua sukari huirudia kuipima nyumbani kwa kopo lake. Ukimwambia fulani amefariki, atakuuliza nani kamwona. Mimi hakuniamini tangu siku ya harusi. Lakini kumbe, na hili sikulijua, hakuwaamini pia waliokuwa wakinisema.

Alikuja asubuhi, ametoka kusali, na kamba ya ukindu mkononi. Akaniamuru niinue mkono, akapima mkanda kutoka ncha hii hadi ncha ile, akafunga fundo. Kesho yake akapima tena, na siku iliyofuata tena. Nilidhani ananihesabia siku zilizobaki, nikamchukia. Shabani alikuwa akisimama mlangoni anaitazama ile kamba, kisha anaondoka.

Kisha siku moja akakishusha kidole chake kwenye uti wangu wa mgongo, polepole, akarudia.

"Umesimama," akasema. "Mbele umesimama katikati ya kifua, nyuma umesimama hapa kwenye uti. Umekatika kama kwa kisu, wala haukusogea tangu nianze kupima. Wanaosema unazunguka, nani kati yao aliwahi kupima?"

Akamwita mwanawe. Shabani akaja, akakaa kwenye kigoda, mimi kitandani na khanga yangu.

"Shabani, unamshuku mkeo?"

Shabani akatazama miguu yake. "Mama, watu wanasema…"

"Watu sikuwazaa mimi. Nimekuuliza wewe."

Bi Mwanne akanigeukia mimi, akaniuliza hilohilo kuhusu mwanawe, na mimi pia nikatazama sakafu. Ndipo alipotukemea, na kemeo lile ndilo nililolibeba mpaka uzee huu.

"Mimi simwamini mtu humu ndani, mnalijua hilo. Lakini nikimshuku mtu namuuliza, na akinijibu naenda kumuuliza mwingine nione kama majibu yanalingana. Nyie mnashukiana kimyakimya kama wezi wawili waliojificha banda moja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho mnakwenda hospitali, wote wawili, na mimi niko nyuma yenu."

Tulikwenda. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ndogo, na Bi Mwanne alimtazama tangu viatu mpaka kola kabla ya kumruhusu aniguse. Aliangalia mkanda, akaniuliza kama utotoni niliwahi kuugua tetekuwanga. Nikasema hapana, sikumbuki kitu kama hicho. Nilimsikia Shabani akijisogeza kwenye benchi.

Yule daktari alitueleza, nami nakueleza nilivyoelewa. Mtoto akiugua tetekuwanga, vipele hukauka na watu husema amepona. Ni kweli amepona, lakini kirusi chenyewe hakitoki mwilini. Hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, pale karibu na uti wa mgongo, kikanyamaza miaka na miaka, kwa sababu kinga ya mwili inakikalia macho. Umewahi kuona lundo la pumba za mpunga pale mashineni? Juu ni majivu, huoni moshi, lakini ukipitisha mguu unaungua. Ndivyo kilivyo. Kinga ikilegea, iwe kwa uzee, kwa uchovu na njaa, au kwa maradhi mengine, kirusi huamka na kuufuata ule mshipa wake mmoja hadi kwenye ngozi. Mshipa huo unahudumia upande mmoja tu wa mwili, ndiyo maana mkanda kwa kawaida husimama katikati. Habari ya ncha kukutana mtu akafa, alisema, ni maneno ya watu.

Lakini hakutudanganya. Alisema pia kwamba UKIMWI ndio unaoilegeza kinga kuliko vingi, na kijana akitokwa na mkanda inafaa apime damu, si kwa kuhukumiwa, bali ajue. Tukatolewa damu, mimi na Shabani. Siku hizo majibu hayakutoka palepale. Damu ilipelekwa Morogoro, na sisi tukarudi nyumbani kusubiri.

Kule kusubiri kulikuwa kubaya. Kikombe kilikuwa bado dirishani. Sasa Shabani alikuwa na swali jipya: kama mkanda unatokana na tetekuwanga, na mke wangu anasema hakuugua, basi huu wake umetoka wapi? Hakulisema. Nililiona tu usoni mwake kila nilipopita.

Bi Mwanne alilisema. "Mtoto hakumbuki. Mama yake atakumbuka. Lakini asipelekewe habari, asije akatunga jibu la kumwokoa binti yake." Akavaa buibui, akapanda basi la Mikumi, na kutoka hapo akaunga hadi Malolo kwetu, kisa eti anafuata vitunguu vya nyumbani. Mama yangu alinisimulia baadaye. Anasema walizungumza habari za vitunguu, wakazungumza mvua, wakazungumza maumivu ya magoti, kisha yule mgeni akauliza, kama anayepitisha wakati, kama watoto wa huku nao huugua tetekuwanga. Mama yangu akacheka. Akamwambia mwaka tulioezeka bati watoto wote wa nyumba walilala nayo, akawaogesha maji ya mwarobaini mpaka mti ukabaki vijiti, na huyu uliyetuolea wewe ndiye alikuwa msumbufu kuliko wote, alijikuna kimoja nyuma ya sikio kikamwachia shimo.

Aliporudi nilikuwa uani napepeta mchele. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Aliutua mzigo, akanishika kichwa, akalikunja sikio langu la kulia kama anayetafuta chawa.

"Lipo," akasema.

Akamwita Shabani aje aweke kidole mwenyewe. Shabani akaweka. Lile shimo sikuwahi kujua kama ninalo. Nani hujiona nyuma ya sikio? Ndipo Bi Mwanne akakaa chini, akavua viatu, akaniambia, "Marahaba."

Siku ya majibu tulirudi hospitali. Damu yetu ilikuwa salama, yangu na yake. Sikulia mbele ya daktari. Nililia njiani, karibu na reli, na Shabani akanishika mkono. Mkanda ulikauka kwa dawa na chakula na kupumzika, ingawa maumivu yalikaa muda mrefu, na mpaka leo baridi ya Julai hunikumbusha.

Tulipoingia nyumbani, Bi Mwanne alikuwa amechemsha chai. Alikwenda dirishani, akakichukua kile kikombe, akakijaza, akakiweka mbele ya mwanawe.

"Shabani," akasema. "Na kama majibu yangekuwa yale mengine, kikombe hiki kingekaa wapi?"

Shabani alikichukua, akanywa mpaka chini. Jirani mmoja aliyekuja kusikia majibu akacheka kwa furaha, akasema mambo yamekwisha. Mimi nami nilidhani yamekwisha.

Hayakwisha, mwanangu. Kunywa alikunywa, lakini kujibu hakujibu, na alikunywa akiwa ameshajua damu yangu ni salama. Shabani alikuwa mume mwema. Alipata kazi nyingine, tukalea watoto, nikamuuguza kwa mikono hii mpaka nikamzika. Lakini kila niliporudi kutoka Mikumi, kabla sijamsalimia, macho yangu yalikwenda kwanza dirishani. Nilingoja jibu lile maisha yangu yote ya ndoa. Ningeweza kumuuliza mwenyewe, nikaogopa, na sasa kaenda nalo.

Basi nasaha yangu ni hii. Kwanza, habari za ncha na kamba ziache. Mwambie mchumba wako aende hospitali mapema, asisubiri malengelenge yakauke, maana dawa hufaa zaidi mwanzoni. Ayafunike, na asiwasogelee watoto wachanga na wajawazito, kwa kuwa aliye na mkanda anaweza kumwambukiza tetekuwanga asiyewahi kuugua. Muulize mama yake kama aliugua utotoni. Kuuliza si ujinga. Mkapime damu pamoja, siku hizi majibu hutoka papo hapo, na hata yakiwa mabaya dawa zipo na watu wanaishi na kulea.

Lakini kabla hamjaingia chumba cha daktari, kabla hajachomwa sindano, mkalishe chini umjibu lile swali la mama mkwe wangu. Kama kikombe chake kitakaa dirishani, mwambie leo, ajue. Kama kitabaki kwenye sinia na vingine, mwambie leo pia. Ukimwambia baada ya majibu, hata ukimwambia kwa machozi, hataamini, na atakuwa na haki.

Nenda mwanangu. Mungu akulinde na maradhi yanayoonekana na yaliyojificha, akupe ulimi usioogopa kuuliza, na akujaalie nyumba ambayo wewe ukirudi safari hutazami dirishani. Amina.